Kwani Rubani Hakunywa Kahawa?

Asubuhi ya tarehe 25 Januari 2024, ndege ya Batik Air aina ya Airbus A320 ilikuwa inatoka Kendari kwenda Jakarta, Indonesia, ikiwa na abiria 153. Waongoza ndege waliita redioni wasijibiwe. Wakaomba marubani wa ndege nyingine wawasaidie kuita, kimya. Dakika 28 zilipita tangu rubani msaidizi alipoongea redioni kwa mara ya mwisho, ndipo nahodha akazinduka na kuona mambo mawili kwa mpigo: ndege imeacha njia yake, na mwenzake amelala kitini. Akamwamsha, wakairudisha ndege njiani, wakatua salama.

Ripoti ya awali ya wachunguzi ilipotoka, habari ilizunguka dunia, na kila ilikofika ilizua swali lilelile: kwani hawakunywa kahawa?

Swali hilo si la kuchekwa. Kahawa ni kitu cha kwanza mtu anachokimbilia usingizi unapomwelemea, na ndani ya ndege haikosekani. Mhudumu akigongewa kengele na marubani, mara nyingi anajua tayari kinachotakiwa. Lakini ndani ya swali mna dhana iliyojificha, kwamba uchovu wa rubani ni kitu kinachoweza kuondolewa na kikombe. Dhana hiyo ndiyo nataka tuifumue hapa, taratibu, tukianzia kwenye neno lenyewe.

Aliyelima na aliyekesha

Kiswahili kinatumia neno moja, uchovu, kwa watu wawili tofauti kabisa. Aliyelima kutwa amechoka. Aliyekesha akiuguza mgonjwa naye amechoka. Wa kwanza ukimpa kiti na maji ya kunywa, baada ya nusu saa amepata nafuu. Wa pili ukimpa kiti ndiyo umemmaliza.

Uchovu unaozungumzwa kwenye usafiri wa anga ni huo wa pili. Rubani hajabeba mzigo wowote. Amekaa, tena kwenye kiti kizuri. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linaueleza uchovu kuwa ni hali ya mwili inayopunguza uwezo wa mtu kufikiri na kutenda, na linataja vyanzo vyake: kukosa usingizi, kukaa macho muda mrefu, saa ya mwili, na uzito wa kazi. Ukivitazama vyanzo hivyo vinne kwa makini utaona jambo la ajabu kidogo. Kahawa haiurudishi usingizi uliokosekana, haizipunguzi saa ulizokaa macho, haiipunguzi kazi, na saa ya mwili, tutakavyoona, huivuruga zaidi.

Hiyo saa ya mwili ni kitu halisi, kikundi kidogo cha seli ndani ya ubongo kinachofuata mwanga wa mchana na giza la usiku. Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zurich alipendekeza kwamba usingizi wetu unaongozwa na nguvu mbili zinazokwenda sambamba: shinikizo la usingizi linaloongezeka kila saa unayokaa macho, na saa ya mwili ambayo hupanda na kushuka hata kama umelala vizuri. Inaposhuka chini kabisa, kwa watu wengi, ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi. Sheria za usafiri wa anga katika nchi nyingi zinayahesabu masaa hayo kwa namna ya pekee. Mtu aliye macho muda huo yuko bondeni, na shinikizo la usingizi likimkuta bondeni ana kazi kubwa ya kupanda.

Kuna neno moja zaidi la kulijua. Si kila kulala ni kulala kwa kuegemeza kichwa na kukoroma. Upo usingizi wa kufumba na kufumbua, wa sekunde chache, ambao mwenyewe huenda asiujue. Macho pengine yako wazi. Ndege ya abiria ikiwa juu huenda takriban mita 250 kwa sekunde. Sekunde nne za usingizi wa namna hiyo ni kilomita nzima. Huko juu, kilomita moja si hoja. Wakati wa kutua ni mambo mengine.

Wageni na viti

Sasa tuje kwenye kikombe.

Tangu unapoamka, ubongo unafanya kazi na kutumia nishati, na matumizi hayo huacha masalia. Mojawapo ni kemikali inayoitwa adenosini, ambayo hujikusanya polepole kutwa nzima. Kwenye seli za ubongo kuna vipokezi vyake, tuviite viti. Adenosini ni wageni. Kadiri viti vinavyojaa ndivyo ubongo unavyopunguza mwendo: kope zinakuwa nzito, unasoma mstari mmoja mara tatu, mtu anakuuliza jambo na jibu linachelewa kufika mdomoni. Ukilala, wageni wanaondoka mmoja mmoja, na asubuhi ukumbi ni mtupu.

Kafeini, ile kemikali ya kwenye kahawa inayotuamsha, ina umbo linalokaribiana na adenosini kiasi cha kuweza kukalia viti vilevile. Ikishakaa haifanyi kazi ya mgeni. Haiulazi ubongo, lakini pia haiupi chochote. Imeziba nafasi tu. Wageni halisi hawakuondoka. Wamesimama mlangoni, na wanazidi kuongezeka kwa sababu wewe bado uko macho. Kafeini inapoanza kuinuka, saa chache baadaye, wote wanaingia kwa mkupuo. Mtu aliyewahi kunywa kahawa ya kusomea mtihani usiku anaijua hali hiyo: ulikuwa mzima kabisa, halafu ghafla kama mtu amekata umeme.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba kahawa inatia nguvu, naona tumesema nusu ya jambo. Inachofanya zaidi ni kumnyima mtu habari za uchovu wake.

Nisieleweke vibaya. Kwa muda ule viti vinapokuwa vimezibwa, faida ni ya kweli na imepimwa mara nyingi: mtu anaitikia haraka zaidi, anakosea kidogo, anashika umakini kwenye kazi ya kuchosha ya kutazama vipimo ambavyo havibadiliki. Rubani anayekunywa kahawa kwa akili anafanya jambo la busara. Shida huanza anapoamini kwamba amelala.

Hesabu ya vikombe vitatu

Kafeini huanza kusikika baada ya dakika 20 au 30 hivi, na hufika kileleni ndani ya saa moja. Kuondoka ndiko kunakochukua muda. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini aliyokunywa huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Nasema takriban kwa sababu ini za watu hazilingani: mvutaji sigara huimaliza haraka, na mwanamke anayetumia vidonge vya kuzuia mimba huweza kuchukua karibu mara mbili ya muda huo.

Tuchukue safari moja ya usiku tuipigie hesabu. Rubani wetu wa mfano aliamka saa 1 asubuhi kama watu wengine, kwa sababu nyumba yenye watoto haimwachi mtu kulala. Alijaribu kujilaza mchana akashindwa. Ndege inaondoka saa 5 usiku na kutua saa 1 asubuhi. Anakunywa kikombe cha kwanza saa 4 usiku wakati wa kupitia mpango wa safari, cha pili saa 7 usiku, na cha tatu saa 10 alfajiri, kwa kuwa wakati huo ameshakaa macho saa 21 na yuko bondeni kabisa. Kila kikombe tukikipa miligramu 100 za kafeini, kiwango cha kawaida kwa kahawa ya kuchuja, hatavuka miligramu 400 kwa siku ambazo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba hazimdhuru mtu mzima mwenye afya. Hajafanya fujo yoyote.

Sasa saa 3 asubuhi yuko hotelini, mapazia yamefungwa, simu imezimwa. Cha kwanza kimebaki na miligramu kama 22. Cha pili, 33. Cha tatu, 50. Jumla ni 105. Ni kama mtu aliyeoga, akavaa nguo za kulalia, akanywa kikombe kizima cha kahawa kisha akajifunika shuka.

Je, hatalala? Atalala, maana amechoka sana. Ila usingizi wenyewe utakuwa mwepesi na wa vipande vipande, na mfupi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala; walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi, na wengine hawakuwa na habari kwamba wameipoteza. Mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kafeini ya kiasi cha espreso maradufu, ikinywewa saa tatu kabla ya kulala, huichelewesha saa ya mwili kwa dakika kama 40. Jioni rubani wetu anaamka akiwa hajatosheka, na mbele yake kuna safari ya kurudi, usiku tena. Unadhani ataanza na nini?

Hapa ndipo penye fundo lote. Kikombe cha usiku wa kwanza kinakula usingizi wa mchana unaofuata, na upungufu huo unadai kikombe kikubwa zaidi usiku wa pili. Watafiti wa taasisi ya Jeshi la Marekani ya Walter Reed waliwalaza watu saa tano tu kwa usiku, siku tano mfululizo, wengine wakipewa miligramu 200 za kafeini mara mbili kwa siku na wengine kidonge kisicho na kitu. Siku za kwanza kafeini ilisaidia. Baada ya usiku wa tatu, waliopewa kafeini hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao.

"Mimi bado niko sawa"

Nirudi kidogo kwenye ndege ya Indonesia, kwa sababu kuna kipande cha kisa ambacho vichwa vya habari vilikipita haraka. Rubani msaidizi alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani na alikuwa ametoka kuhama nyumba. Usiku huo hakuwa amepumzika vya kutosha. Wakiwa juu, nahodha aliomba kupumzika, naye akakubali kuishika ndege. Baadaye nahodha aliamka akamuuliza kama na yeye anataka kupumzika. Akajibu kwamba hahitaji. Nahodha akaendelea kulala, na muda si mrefu yule aliyesema hahitaji akapitiwa.

Kiswahili kimeligusa jambo hili kuliko vitabu vingi vya tiba. Tunasema mtu kapitiwa na usingizi, kama vile usingizi ni kitu kinachotembea chenyewe na mtu amekaa njiani tu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwabana watu walale saa sita kwa usiku kwa wiki mbili. Uwezo wao ulishuka siku hadi siku, ukafika ulipo uwezo wa mtu aliyekesha usiku mzima au zaidi. Lakini walipoulizwa wanajionaje, walisema wamesinzia kidogo tu, wameshazoea. Kipimo kinachoharibika kwanza ni kile cha kujipimia.

Ulinganisho mwingine unaowashtua watu ni wa pombe. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliowalinganisha watu waliokaa macho na waliokunywa. Baada ya saa 17 bila kulala, mkono na jicho vilifanya kazi kama vya mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Baada ya saa 24 ilikuwa kama asilimia 0.10. Hakuna rubani atakayeingia kazini amelewa akasema atajituliza kwa kahawa. Rubani wetu wa mfano alitua akiwa na saa 24 kamili bila kulala.

Dakika 26 za NASA

Kama kahawa ni ya kukopa, kuna kinacholipa? Kipo, na ni kilekile ambacho kila mama mwenye mtoto mchanga angekutajia.

Mwaka 1994 NASA ilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa ndani ya ndege za masafa marefu zilizokuwa zikivuka Bahari ya Pasifiki. Kundi moja la marubani liliruhusiwa kupumzika kitini kwa zamu, dakika 40 kila mmoja, mtu mmoja tu kwa wakati. Kundi la pili liliendelea na kazi kama kawaida. Walioruhusiwa walilala kwa wastani wa dakika 26. Watafiti wakahesabu vile vipindi vya kufumba na kufumbua katika dakika 90 za mwisho za safari. Kundi lisilopumzika lilikuwa navyo 120, na 22 kati yake vilitokea katika nusu saa ya mwisho, ndege ikishuka na kutua. Kundi lililolala dakika 26 lilikuwa navyo 34. Katika nusu saa ya mwisho, sifuri.

Nimesoma takwimu nyingi za usingizi, na hiyo sifuri bado inanifanya nisimame.

Tangu hapo nchi nyingi zimeruhusu mapumziko ya namna hiyo kwa masharti: mmoja tu kwa wakati, kiti kirudishwe nyuma mbali na usukani, wahudumu wajulishwe na wawe wanapiga simu kwa vipindi, na aliyelala aamshwe mapema kabla ndege haijaanza kushuka. Kinachochekesha, au kusikitisha, ni kwamba Marekani, iliyofanya utafiti huo, hadi sasa haiwaruhusu marubani wake wa ndege za abiria kulala kitini.

Sharti la kuamshwa mapema halikuwekwa kwa mapambo. Mtu anayeamka usingizini hupita kwanza kwenye mang'amung'amu, yale mawenge ambayo unasikia unaitwa lakini hujui ni asubuhi au jioni. Huchukua dakika 15 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Mei 22, 2010, ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilipita mwisho wa njia ya kurukia ya Mangalore, India, ikatumbukia bondeni. Watu 158 walikufa, wanane wakapona. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilikuwa kimerekodi nahodha akikoroma. Alilala kwa sehemu kubwa ya safari na kuamka karibu na wakati wa kushuka. Wachunguzi waliyataja mawenge hayo kuwa sehemu ya sababu. Hapo tatizo halikuwa kwamba rubani hakulala. Alilala sana, na kwa wakati usiofaa.

Kahawa ina nafasi nzuri katika jambo hili, ingawa wengi huigeuza. Watu hunywa baada ya kuamka. Jim Horne na Louise Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwajaribu madereva wenye usingizi katika miaka ya 1990 kwa kuwapa kahawa kwanza, kisha walale dakika chache, zisizozidi 15. Kafeini inahitaji kama dakika 20 kuanza kazi. Basi mtu analala huku inasafiri, na anapoamka wageni wachache wameshaondoka na viti vinazibwa wakati huohuo. Matokeo yalikuwa bora kuliko kahawa peke yake au kulala peke yake.

Yanayosemwa sana

*Aliyezoea kahawa haimfanyi kitu.* Kuna ukweli hapa, lakini unaelekea upande mbaya. Ubongo wa mnywaji wa kila siku huongeza viti, kwa hiyo vikombe vile vile vinaziba sehemu ndogo zaidi. Na asipokunywa, kichwa kinaanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24. Vikombe vyake viwili vya kwanza vinaweza kuwa vinamrudisha tu pale ambapo asiyekunywa ameamkia. Marubani makini, kwa sababu hii, huitunza kahawa kwa ajili ya saa zile ngumu badala ya kuinywa kama maji.

*Kahawa inamkausha rubani.* Hewa ya ndani ya ndege kweli ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Lakini kahawa ya kiasi haimkaushi aliyeizoea. Maji yaliyomo kwenye kikombe ni mengi kuliko yanayopotea. Itampeleka chooni, na kwa rubani hilo lina usumbufu wake, kwa kuwa mlango ule haufunguliwi ovyo ovyo.

*Ndege inajiendesha yenyewe.* Hii inahitaji maneno zaidi. Mfumo wa kujiendesha unashika mwelekeo na kimo ulioagizwa, vizuri kuliko mkono wa mtu. Hauamui kushuka mwenyewe kama hujauagiza, haujibu redio, haujui kwamba mvua kubwa imekaa mbele. Agosti 2022 iliripotiwa kwamba marubani wa Ethiopian Airlines waliokuwa wanatoka Khartoum walilala na ndege ikaupita uwanja wa Addis Ababa ikiwa bado juu kabisa. Kilichowaamsha ni mlio wa king'ora mfumo ulipojizima. Tena mfumo huo ni sehemu ya tatizo. Mtu akipewa kazi ya kutazama kitu ambacho hakikosei, gizani, kwenye mngurumo usiobadilika, kwa saa saba, hakuna njia bora zaidi ya kumbembeleza alale.

*Mchana hakuna tatizo.* Februari 2008 huko Hawaii ndege ndogo ya shirika la go! iliondoka Honolulu saa 3 asubuhi kwa safari isiyofika saa moja. Marubani wote wawili walilala, wakapita Hilo, walikokuwa wanakwenda, na kuingia baharini kilomita kama 48 kabla ya kugeuka. Nahodha alikuja kugundulika kuwa na maradhi ya kukatika pumzi usingizini: mtu analala saa nane lakini anaamshwa na koo lake mara mamia bila kujua. Mtu wa namna hiyo hata ukimwaga kahawa kwa ndoo, anahitaji daktari.

Kikombe kilichoshusha ndege

Kwa kuwa tuko kwenye kahawa, nisiache kisa ambacho hakihusiani na usingizi hata kidogo. Februari 6, 2019, ndege ya Condor, Airbus A330, ilikuwa juu ya Atlantiki ikitoka Frankfurt kwenda Cancún na abiria 326. Kikombe cha kahawa kisicho na kifuniko, kilichowekwa juu ya meza ya rubani, kilipinduka. Kahawa ikaingia kwenye kidude cha kudhibiti mawasiliano ya redio, kikapata joto, kikaanza kutoa moshi, na cha rubani wa pili nacho kikafuata. Nahodha akageuza ndege kwenda Shannon, Ireland. Wachunguzi walibaini kwamba vikombe vya shirika havikuenea kwenye kishikizo cha kikombe, ndiyo maana viliwekwa mezani. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Usalama wa Anga ya Ulaya ilitoa agizo kuhusu Airbus A350, baada ya visa viwili vya injini kuzima angani kufuatia kinywaji kumwagikia vitufe vya katikati, na eneo hilo likatangazwa kuwa marufuku kwa kitu chochote cha maji.

Saa zikiisha

Yote haya yanaacha kazi kubwa kwa watunga ratiba, wala si kwa rubani na kikombe chake. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50. Chanzo kikuu kilikuwa makosa ya kuishika ndege ilipopoteza mwendo, lakini uchunguzi ulifichua maisha ambayo abiria hawakuyajua: marubani waliokuwa wakiishi mbali na kituo chao cha kazi, mmoja akiwa amesafiri usiku kucha kufika, na sehemu ya kulala ikiwa ni viti vya chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Familia za waliokufa zilipiga kelele hadi sheria mpya ikatungwa, ikaanza kutumika Januari 4, 2014. Sasa rubani wa abiria nchini Marekani lazima apate saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, zenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatishwa. Anayeanza zamu usiku anaruhusiwa saa chache kuliko anayeanza asubuhi. Ndege za mizigo ziliachwa nje ya sheria hiyo, kana kwamba rubani wa mizigo ana ubongo wa aina nyingine. Miezi mitano kabla sheria haijaanza, Agosti 2013, ndege ya mizigo ya UPS ilianguka alfajiri ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, ikaua marubani wake wawili, na uchovu ulitajwa kati ya mambo yaliyochangia.

Sheria ya namna hii inamwekea rubani jukumu pia: akijiona hafai kuruka kwa uchovu, anatakiwa aseme, na shirika halitakiwi kumpeleka. Huko uwanjani abiria hawaoni hayo. Wanachosikia ni tangazo kwamba safari imecheleweshwa kwa sababu za kiutendaji. Mara nyingine maana yake ni hitilafu ya mashine au hali ya hewa. Mara nyingine ndege ni nzima, mafuta yamejazwa, chakula kimepakiwa, ila saa za kazi za mtu wa mbele zimekwisha na wanasubiri mwingine aliyelala.